Chafya Nyuma ya Kamera

Barabara ya mashambani, anga limejaa mawingu meusi, kamera imetulia tuli. Unasubiri kitu kitokee. Radi inapiga, unamsikia mtu aliye nyuma ya kamera akishtuka kwa furaha, kisha anapiga chafya, na dunia yote iliyomo kwenye fremu inaruka. Anapiga ya pili, inaruka tena.

Mwenye chafya ni Kirsten Johnson, na filamu yake ni Cameraperson ya mwaka 2016. Nimeitazama mara nne. Mara ya kwanza nilicheka. Mara ya pili nilikasirika, maana mimi ningeikata chafya ile bila kufikiri mara mbili.

Kazi yangu ni kupiga video za shughuli: harusi, mahafali, uzinduzi wa hiki na kile. Kwenye kazi hii sifa kubwa ni kutoonekana. Picha isitikisike, pumzi yako isisikike, kivuli chako kisiangukie gauni la bibi harusi. Nilijifunza kubana pumzi kama mtu anayelenga shabaha. Na bado kuna harusi niliyotoka nayo gauni zima likiwa limeungua kwa mwanga, jeupe pe kama karatasi, nakshi zote zimepotea. Aliyenilipa aliitazama mpaka mwisho, akashukuru, hakusema neno. Bora angenitukana. Usiku ule nilianza kutafuta mtu wa kunifundisha mwanga, nikakuta kuna filamu zinazozungumzia upigaji filamu wenyewe, na tangu siku hiyo sijatoka humo.

Nilianza na Visions of Light ya 1992. Haina makuu: wapigapicha wakongwe wamekaa vitini wanasimulia, halafu unaonyeshwa kipande cha kazi wanayoisimulia. Niliitazama kidole kikiwa kwenye kitufe cha kusimamisha, daftari magotini. Conrad Hall alipofika kwenye In Cold Blood, ya 1967, niliacha kuandika. Muuaji amesimama dirishani usiku wa kunyongwa, anamzungumzia baba yake, uso umekauka, hakuna chozi. Nje kuna mvua ya mashine. Mwanga unapita kwenye kioo kilicholowa, na michirizi ya maji inatupa vivuli vyake mashavuni mwake. Uso unalia ingawa mwenye uso halii. Hall anasema haikupangwa. Ilijitokeza yenyewe wakati wanapanga taa, yeye akaiona, akamwonyesha mwongozaji, wakaipiga vilevile.

Nililirudia onyesho hilo mpaka nikawa nalijua kwa sekunde. Bahati ile ya michirizi inaweza kumwangukia mtu yeyote, lakini wangapi wangeiona? Mimi pale ningekuwa nimeinama nakagua betri.

Gordon Willis naye anaeleza The Godfather ya 1972. Taa aliziweka juu ya vichwa vya waigizaji, sehemu kwa sababu ya vipodozi alivyopakwa Marlon Brando, na kwa hiyo macho ya Brando yakazama gizani. Kulikuwa na watu wa studio walioona giza hilo limezidi. Huwezi kumwona mtu anafikiri nini ikiwa humwoni macho, ndivyo ilivyoaminika. Willis alitaka usimwone, kwa sababu mzee yule hakutaka kuonekana anafikiri nini. Mwaka ule Willis hakuteuliwa hata kuwania Oscar ya upigaji picha. Mwenzake Hall alimpa jina la Mwanamfalme wa Giza, na jina likamganda.

Ila nina ugomvi na Visions of Light, na ugomvi huo ninao na nusu ya filamu za aina yake. Watu wamekaa vitini, wamepigwa taa nzuri, na kila mmoja anasema mwenzake alikuwa na kipaji cha ajabu. Ukishasikia "kipaji cha ajabu" mara ya kumi unatamani kumuuliza: sawa, lakini taa ilikuwa wapi? Kitu kilichonivutia kwa Hall na Willis ni kwamba walisema taa ilikuwa wapi. Kosa la pili la filamu hii ni kwamba imelalia Hollywood mno. Ukiitazama peke yake utadhani ufundi wa mwanga una anwani moja duniani.

Ndiyo maana Subrata Mitra nilichelewa kumfahamu. Mitra alikuwa kijana wa miaka ishirini na ushee, hajawahi kupiga filamu, Satyajit Ray, mwongozaji wa India, alipomkabidhi kamera ya filamu yake Pather Panchali. Walipofika filamu ya Aparajito, ya 1956, ua wa nyumba ya Benares ulibidi ujengwe ndani ya studio, Calcutta. Ua wa kweli hupokea mwanga kutoka angani, mwanga usio na mwelekeo, usiotupa kivuli kikali. Taa za studio zinatupa vivuli kila upande. Mitra akatanda kitambaa cheupe juu ya seti kama anga, taa akazielekeza kwenye kitambaa badala ya kwenye nyuso. Mwanga ukagonga kitambaa na kurudi chini umelainika.

Nilivua shuka kitandani. Nilimkalisha dada yangu mkubwa kwenye kiti, nikawasha taa ya mezani, nikaigeuzia kwenye shuka niliyoifunga kati ya kabati na mlango.

"Kuna kitu unafanya au unacheza?" akauliza.

"Dada, tulia kidogo tu."

"Nimetulia tangu saa moja."

Nikamwonyesha picha mbili, ya taa ya moja kwa moja na ya shuka. Aliziangalia muda, akasema kwenye ya pili anafanana na mama. Kwenye ya kwanza, akasema, anafanana na kitambulisho chake. Tangu siku hiyo begi langu la kazi lina shuka, na sijaunguza gauni la mtu tena.

Kuhusu rangi sitasema mengi, kwa sababu mtu mwenye hamu na rangi anatosheka na Cameraman, ile ya 2010 inayomhusu Jack Cardiff, mpigapicha wa Uingereza. Alipohojiwa na watu wa Technicolor, kampuni ya filamu za rangi, miaka ya 1930 alikiri kwamba mambo ya kiufundi hayajui sana, akawaeleza jinsi wachoraji wa zamani walivyoutumia mwanga. Wakamchukua. Baadaye alipiga Black Narcissus, 1947, ambayo milima yake ya Himalaya ni rangi na michoro iliyotengenezwa Uingereza, na akapata Oscar. Kamera za Technicolor za wakati huo ziligawa mwanga kwa prizimu na kuupeleka kwenye mikanda mitatu tofauti, kwa hiyo zilikula mwanga kama moto unavyokula nyasi kavu. Mzee mwenyewe anasimulia haya yote kwa ucheshi, kama mtu anayesimulia jinsi alivyotoroka darasani.

Sasa mshumaa. Katika La Nuit américaine, filamu ya François Truffaut ya 1973 inayohusu kundi la watu wanaotengeneza filamu, kuna mshumaa wa uongo. Upande unaoelekea kamera ni mshumaa wa kawaida unaowaka. Upande wa pili umetobolewa, ndani kuna balbu inayommulika usoni mwigizaji anayeushika. Truffaut anakuonyesha balbu kwanza, na baadaye unapomwona mwanamke yule akitembea na mshumaa wake, bado unaamini. Hata jina la filamu ni la ujanja: usiku wa Kimarekani ndivyo Wafaransa wanavyouita ufundi wa kupiga picha mchana kwa kichujio na kubana mwanga, mpaka mchana uonekane usiku.

Miaka miwili baadaye Stanley Kubrick na mpigapicha wake John Alcott walipiga maonyesho ya Barry Lyndon kwa mishumaa ya kweli, wakitumia lenzi za Zeiss zenye uwazi wa f/0.7 (namba ikiwa ndogo, tundu ni kubwa) zilizotengenezwa kwa ajili ya NASA, shirika la anga za juu la Marekani. Lenzi iliyo wazi kiasi hicho inaona gizani, lakini mwigizaji akisogea kidogo tu mbele au nyuma anapoteza ukali. Ndiyo maana pale mezani wanakaa kama wamechorwa. Wapenzi wa filamu husimulia habari ya lenzi ya NASA kwa unyenyekevu mkubwa, na mimi nilikuwa mmoja wao. Siku hizi naipenda zaidi ile balbu. Labda kwa sababu balbu naweza kuinunua.

Filamu ninayoitazama mara nyingi kuliko zote haina mtu yeyote anayeongea. Ni ya Dziga Vertov, ya 1929, Man with a Movie Camera. Haina waigizaji, haina hadithi, haina maandishi ya kueleza kinachoendelea. Ni siku moja ya mji, ingawa mji wenyewe umeunganishwa kutoka miji kadhaa ya Kisovieti, Moscow, Kyiv na Odesa ikiwemo. Na katikati ya kila kitu kuna mtu amebeba kamera na stendi begani. Huyo ni Mikhail Kaufman, mdogo wake Vertov. Anapanda, analala chini, anasimama kwenye gari linalokwenda akizungusha mkono wa kamera. Lazima kulikuwa na kamera ya pili inayompiga yeye anayepiga, na ukianza kulifikiria hilo kichwa kinazunguka.

Kuna sehemu moja mle nadhani kila anayehariri video angelazimishwa kuiona kabla hajagusa kompyuta. Farasi anakimbia, anavuta mkokoteni. Ghafla anaganda. Picha zinazofuata zimeganda pia: watu, nyuso za watoto. Halafu unaona nyuso zilezile zikiwa ndogo, moja juu ya nyingine, kwenye kipande cha mkanda. Unamwona mwanamke mezani na mkasi, mikanda imepangwa rafuni nyuma yake. Anakata, anaunganisha. Kisha mtoto anarudi kuwa hai, anacheka. Mwanamke ni Elizaveta Svilova, mhariri wa filamu hiyohiyo unayoitazama, na mke wa Vertov. Miaka mingi watu walilitaja jina la mume na kuusahau mkono unaoonekana kabisa ukifanya kazi.

Vertov na Mikhail waligombana baada ya filamu hii, hawakufanya tena kazi pamoja. Walikuwa na mdogo wao wa mwisho, Boris, aliyekwenda Ufaransa na hatimaye Marekani. Boris Kaufman ndiye aliyepiga On the Waterfront na kupata Oscar kwayo. Familia moja!

(Mwaka mmoja kabla ya Vertov, Buster Keaton alitoa The Cameraman, kichekesho cha kijana anayetaka kuwa mpigapicha wa habari. Anakosea kila kitu. Picha zake za kwanza zimepandana, manowari inaonekana ikipita katikati ya barabara ya New York. Na picha bora kuliko zote mle, ile ya uokoaji inayommaliza mpinzani wake, imepigwa na tumbili. Huwa naikumbuka kila nikikutana na mwenzangu anayejisifu kwa kamera mpya.)

Watu hudhani ndugu Lumière wa Ufaransa, kule mwanzo kabisa wa sinema, waliweka tu mashine na dunia ikapita mbele yake. Mimi pia nilidhani hivyo hadi nilipoiona Lumière! ya Thierry Frémaux, iliyotoka 2016, ambayo imekusanya filamu zao 108 za sekunde 50 hivi kila moja. Wafanyakazi wanatoka kiwandani Lyon, mlango unafunguka, wanawake kwa wanaume wanamiminika, mbwa anapita. Ipo katika matoleo matatu. Kwenye moja kuna gari la farasi mmoja, kwenye jingine farasi wawili, kwenye jingine hakuna farasi. Maana yake waliirudia! Wafanyakazi wale walitoka tena kwa ajili ya kamera, na hakuna anayejali kuitazama. Toleo la kwanza ni la 1895, mwaka uleule ambao tarehe 28 Desemba walionyesha filamu zao kwa watu waliolipa kiingilio, Grand Café, Paris. Aliyewaambia "tokeni tena, na msitazame huku" alikuwa tayari anafanya kazi ninayoifanya mimi kila Jumamosi ninapomwomba bwana harusi ashuke ngazi kwa mara ya tatu.

Dawson City: Frozen Time ya Bill Morrison, pia ya 2016, sikuitafuta kwa ajili ya mwanga. Dawson City ni mji wa Yukon, Kanada, uliokua kwa dhahabu. Ulikuwa mwisho wa njia ya usambazaji: filamu zilifika huko baada ya miaka miwili mitatu zikizunguka kwingine, na wenye nazo hawakutaka gharama ya kuzirudisha. Zikajaa. Nyingine zilichomwa, nyingine zilitupwa mtoni, na mwaka 1929 mamia ya rola zikatumika kufukia bwawa la kuogelea lililokuwa chini ya uwanja wa barafu. Mwaka 1978 mashine ya kuchimba ikaziibua, rola 533. Mikanda ya zamani ni ya naitreti, ambayo hushika moto kirahisi, na ikishashika huwezi kuuzima kwa maji, kwa sababu inajitengenezea oksijeni yake yenyewe. Zile zilizohifadhiwa vizuri katika maghala mengi ziliungua. Zilizofukiwa kama takataka zikabaki, kwa sababu ardhi ile imeganda.

Maji yalikula kingo zake. Kwenye filamu ya Morrison unaona watu wa karne iliyopita wakicheza, wakibusiana, huku weupe kama moshi unacheza pembeni mwa fremu na mara nyingine kuwameza. Karibu filamu nzima inakwenda kwa maandishi na muziki. Nilivunja ratiba yangu ya kulala kwa ajili yake na sijutii.

Usiku uliofuata nikaitazama Side by Side ya 2012, ambamo Keanu Reeves anawahoji waongozaji na wapigapicha kuhusu mkanda na dijitali. Imezeeka haraka, kwa kuwa wanabishana juu ya vita ambavyo sasa vimekwisha. Lakini kuna sehemu wanazungumzia uhifadhi, na baada ya Dawson ilinikaa vibaya. Mkanda uliofukiwa miaka 49 unauinua kwenye mwanga na kuona sura ya mtu. Faili lililofukiwa muda huo utaliinua kwenye nini?

Nilitaka kuandika pia kuhusu Talking About Trees ya Suhaib Gasmelbari, 2019, na nikiianza sitamaliza. Wazee wanne wa Sudan, waongozaji waliosoma ughaibuni na kurudi, wanataka kufufua jumba moja tu la sinema, Omdurman. Wanafuta vumbi kwenye vifaa, wanazungusha barua ofisi hadi ofisi. Mwanzoni kabisa umeme umekatika, na wao, gizani, kwa mwanga wa tochi, wanaigiza onyesho la mwisho la filamu ya Sunset Boulevard, mzee mmoja amejifunga mtandio kichwani anashuka kama yule nyota aliyesahaulika, mwenzake anajifanya kamera kwa mikono. Hakuna kamera, hakuna taa. Ni mikono na kicheko cha watu waliofahamiana miaka arobaini na zaidi.

Narudi kwa Johnson. Filamu yake ameishona kwa vipande alivyopiga kwa ajili ya filamu za watu wengine kwa miaka 25, na mwanzoni anaomba uvitazame kama kumbukumbu ya maisha yake. Kuna Bosnia, kuna wodi ya wazazi Kano, Nigeria, ambako mtoto mchanga anahangaika kupumua na kamera inabaki palepale, ukajiuliza mwenye kamera anafanya nini na mikono yake. Kuna mama yake mwenyewe, aliyekuwa akiugua Alzheimer. Katika kipande kimoja mkono unaingia mbele ya lenzi na kung'oa majani yanayoziba picha. Ni kitu nimekifanya mara mia. Kila mara nimekikata.

Mara ya nne nilipoimaliza nilikwenda moja kwa moja kwenye diski yangu. Miaka sita iliyopita nilimrekodi shangazi akiwa kwenye cherehani yake. Sikuwa na sababu, nilikuwa najaribu lenzi. Akasimulia habari ya mteja mmoja na suruali, habari chafu kidogo, nikacheka mpaka kamera ikatikisika, naye akacheka kwa kuniona nacheka. Nilipohariri nikaziondoa sekunde zile, zilikuwa tano au sita, nikaunganisha alipoanza tena kushona. Nilijivunia muungano ule, hauonekani kabisa.

Nilitafuta video asili usiku kucha. Kadi niliifuta wiki ileile ili nipate nafasi ya harusi ya Jumamosi. Shangazi alifariki mwaka juzi. Iliyobaki ni ile safi, ya dakika tatu na nusu, haitikisiki hata mara moja. Karibu na katikati shangazi anainua macho kutoka kwenye sindano, anatazama juu kidogo ya lenzi, usawa wa uso wangu ulipokuwa, mdomo umeanza kufunguka. Halafu anashona.